Aliyeacha tembe za usingizi asikimbilie chupa ya mitishamba

Si siri kwamba Nairobi zipo kemisti zinazomuuzia mtu diazepamu, tembe ya kutuliza na kuleta usingizi, bila cheti cha daktari, tembe tatu nne zilizokatwa kwa makasi kutoka kwenye karatasi yake, pamoja na ushauri wa nusu dakika. Mnunuzi humwita muuzaji "daktari", awe amesomea famasia au anamshikia tu mwenye duka zamu ya jioni. Siku hizi rafu ya pili ya duka hilo hilo imejaa bidhaa za "asili": valeriani, melatonini, magnesiamu, kamomili, matone ya lavenda. Aliyechoka kutegemea tembe anarudi kwa "daktari" yule yule, anaeleza kwamba anataka kuziacha, na anatoka na chupa.

Sina ugomvi na mitishamba yenyewe. Ninachobishia ni wakati chupa ile inaponunuliwa na kazi inayotwikwa. Hununuliwa katika wiki ambayo hakuna jani wala mzizi wa kusaidia sana, kisha husifiwa au kulaumiwa kwa jambo lisilo lake. Na humwacha mtu na imani ile ile iliyomfikisha hapo alipo, kwamba usingizi ni kitu cha kumeza.

Tuanze na tembe. Diazepamu iliingia sokoni mwaka 1963 kwa jina la Valium, kazi ya kampuni ya Hoffmann-La Roche ya Uswisi. Pamoja na ndugu zake, kina lorazepamu, alprazolamu na klonazepamu, huipa nguvu GABA, kemikali ambayo ubongo huitumia kujituliza. Ukizimeza kila usiku kwa miezi, ubongo huzoea utulivu wa kuongezewa na kuanza kushindana nao. Siku dawa ikiondoka, mashindano hayaondoki nayo. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linakutoka, na usingizi unakuwa mbaya kuliko ulivyokuwa kabla ya tembe ya kwanza. Hiyo ndiyo arosto, na haimpati teja wa uchochoroni peke yake. Humpata pia mama wa ofisini aliyeandikiwa tembe baada ya msiba, asipate mtu wa kumwambia aziache lini.

Arosto ina kalenda yake, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Nusu ya diazepamu huchukua kati ya saa 20 na 50 kutoka mwilini, na mabaki yake, ambayo nayo yanafanya kazi, hukaa muda mrefu zaidi. Anayeacha ghafla Jumapili anaweza kulala vizuri Jumatatu na Jumanne, akajisifu kwa majirani, halafu akapigwa mwishoni mwa wiki au wiki inayofuata. Mtumiaji wa lorazepamu au alprazolamu huionja mapema, ndani ya siku moja au mbili, kwa hiyo huwa hana shaka kuhusu chanzo. Yule wa diazepamu, arosto inapobisha hodi, ameshaacha kuihusisha na tembe. Anasema, "Kumbe ule ugonjwa wangu wa kukosa usingizi bado upo." Ndiyo siku anayonunua chupa.

Sasa watazame wawili waliomeza kitu kile kile kwa nyakati tofauti. Wa kwanza anaanza kamomili katika wiki ya arosto kali. Hapati hata lepe la usingizi, anatangaza kwamba vitu vya asili ni upuuzi, anarudi kwenye tembe. Wa pili anavumilia, ananunua chupa ile ile mwezi wa pili, wakati ubongo umeshaanza kujirudi wenyewe. Analala, na kesho yake anawashuhudia ploti nzima. Wote wawili wameisoma chupa badala ya kuisoma tarehe. Ushuhuda wa namna hii ndio unaoendesha biashara ya mitishamba, kuanzia vibanda vya River Road hadi maduka makubwa ya Westlands, na ndio maana siuamini hata unapotoka kwa mtu mkweli kabisa.

Melatonini, homoni ambayo mwili wenyewe huitoa usiku, inatuonyesha jambo hili likipimwa kisayansi. Mwaka 1999 watafiti wa Israel waliwachukua watu 34 waliokuwa wakitumia tembe hizi, wakawapa baadhi melatonini na wengine tembe bandia zisizo na dawa ndani. Kati ya 18 wa melatonini, 14 waliacha dawa. Kati ya 16 wa tembe bandia waliacha 4. Nani asingeshangilia? Lakini jaribio kubwa zaidi la Finland, lililochapishwa mwaka 2014 likiwa na watu 92, halikuona tofauti kati ya makundi hayo mawili. Kisha kuna suala la kilichomo ndani ya chupa yenyewe. Wanasayansi wa Kanada walipopima bidhaa 31 za melatonini, na kuchapisha matokeo mwaka 2017, walikuta nyingine zina asilimia 83 pungufu ya kilichoandikwa na nyingine asilimia 478 zaidi. Zaidi ya robo zilikuwa na serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, ambayo haikutajwa popote. Hizo zilinunuliwa Kanada.

Valeriani ni mzizi wa Ulaya, kwa hiyo uasili wake hapa Nairobi umekuja kwa ndege. Mwongozo wa mwaka 2017 wa chama cha Marekani cha madaktari wa usingizi uliwashauri wasiitumie valeriani wala melatonini kutibu ukosefu sugu wa usingizi kwa watu wazima, ingawa wenyewe walikiri kwamba ushahidi ni hafifu. Mimi nina swali jingine, ambalo silisikii kaunta. Valeriani na kava, mzizi mwingine wa kutuliza, hudhaniwa kufanya kazi kwa kupitia GABA ile ile. Kama hazina nguvu, unalipia nini? Na kama zina nguvu, unaacha nini? Mwaka 1998 madaktari wa Marekani waliandika kisa cha mwanamume aliyekuwa akimeza valeriani nyingi mara kadhaa kwa siku kwa miaka. Baada ya upasuaji, ambapo hakuipata, alichanganyikiwa, akatulia alipopewa dawa ya jamii ya diazepamu. Kisa kimoja hakithibitishi kitu, ila kinatosha kuliondoa neno "asili" kwenye orodha ya vitu vinavyomhakikishia mtu usalama. Kuhusu kava, Ujerumani iliifutia vibali mwaka 2002 kwa hofu ya ini. Mahakama ilikuja kuutengua uamuzi huo miaka 12 baadaye, lakini aliyetoka kwenye tembe na pombe kwa pamoja hana ini la kufanyia majaribio.

Vya nyumbani navyo nivipitie haraka. Mchaichai ulipimwa Brazil, nchi inayounywa kwa imani kama yetu, na matokeo ya mwaka 1986 hayakuonyesha kwamba unaleta usingizi. (Bado naunywa. Ni mtamu.) Kungumanga kwenye maziwa moto, ushauri ambao mashangazi hawauachi, haina shida ikiwa chembe tu, lakini ikifika kijiko kizima au zaidi ni sumu, humfanya mtu aone vioja na kutapika usiku kucha. Juisi ya pasheni ya Wakulima Market haitokani na mmea unaosifiwa kwenye chupa za dawa. Ule ni wa jamii moja tu na huu wetu. Hatari kubwa kuliko zote ni haiperikamu, mmea ambao chupani huandikwa St John's wort. Huliharakisha ini kuvunja dawa nyingine, zikiwemo baadhi ya dawa za kupunguza makali ya Ukimwi na tembe za kupanga uzazi. Ukiichanganya na tramadoli, dawa ya maumivu, unaweza kujizidishia serotonini hadi ukalazwa. Muuzaji asiyekuuliza unatumia dawa gani nyingine hajakuuzia tiba.

Kuna kosa linaloweza kuua kabisa, nalo ni kuifanya chupa kuwa ruhusa ya kuacha tembe kwa mkupuo. Mtu aliyezoea diazepamu kwa miezi akiikata ghafla anaweza kupata kifafa, na kifafa hicho hakizuiwi na kamomili. Profesa Heather Ashton, aliyeendesha kliniki ya kuwaachisha watu dawa hizi mjini Newcastle, Uingereza, kati ya 1982 na 1994, aliwapunguzia kidogo kidogo, yapata sehemu moja ya kumi ya dozi waliyokuwa nayo kila wiki moja au mbili, kwa mwendo ambao mgonjwa aliumudu. Hesabu hiyo huchukua miezi. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia kitu. Pombe nayo haifai kuwa daraja, kwa kuwa inapita kwenye GABA hiyo hiyo na ikikutana na tembe zilizobaki huweza kuzima pumzi. Piriton, ambayo wengi wetu tumeigeuza dawa ya usingizi ingawa ni ya mzio, mwili huizoea upesi na kukuachia kichwa kizito asubuhi.

Waliotoka kwenye kodeini na tramadoli wana arosto ya aina nyingine, ya maumivu ya viungo, mafua na kuhara, na usingizi wao unaweza kuyumba kwa wiki nyingi baada ya hayo kwisha. Kliniki ya methadoni, dawa mbadala ya heroini, iliyofunguliwa hospitali ya Mathari mwaka 2014 ni ya watu wa afyuni na jamaa zake. Haitibu uraibu wa diazepamu. Nataja hili kwa sababu familia nyingi huviweka vyote kapu moja la "madawa".

Nini basi kinasaidia? Mwaka 2004 Charles Morin na wenzake wa Québec, Kanada, walichapisha matokeo ya wazee 76 waliokuwa wametumia tembe hizi kwa wastani wa miaka 19. Kundi moja lilipunguziwa dozi kwa utaratibu. Jingine lilifundishwa upya namna ya kulala. La tatu lilipata vyote viwili. Mwishoni mwa tiba, waliokuwa wameachana na tembe walikuwa asilimia 48 katika kundi la kwanza, 54 katika la pili, na 85 katika la tatu. Sijaona chupa yoyote iliyokaribia hapo. Na kile walichofundishwa hakina hata kitu kimoja cha kumeza. Miaka 12 baadaye chama cha madaktari bingwa wa Marekani kiliyapendekeza mafunzo ya namna hiyo kuwa tiba ya kwanza ya ukosefu sugu wa usingizi, kabla ya dawa yoyote.

Mafunzo yenyewe ni makavu kuyasikia. Amka wakati ule ule kila siku, hata ukiwa umelala kwa saa tatu tu. Usiende kitandani kabla hujasinzia. Ukikaa macho kwa kama dakika 20, toka kitandani, urudi usingizi ukikujia. Usilale mchana. Na punguza muda wa kukaa kitandani ulingane na muda unaolala kweli kweli, ili usingizi uliotawanyika ukusanyike. Usingizi una njaa yake, na anayedonoadonoa mchana kutwa hali chakula cha jioni.

Msomaji wa Pipeline, mtaa wa vyumba vya kubanana huko Embakasi, ameshacheka. Toka kitandani uende wapi? Katika chumba kimoja chenye watoto watatu, kitanda ndicho kochi, ndicho meza ya kazi ya shule, ndicho sebule mgeni anapofika. Pingamizi hili ni la haki, na walioandika kanuni hizi hawakuwa wakiwaza Embakasi. Ila tazama kanuni inakusudia nini. Inataka ubongo uache kukijua kitanda kama mahali pa kugombana na usiku. Kochi la pili si lazima. Kuketi kwenye kiti cha plastiki mgongo ukiwa umeuelekea ukuta, au mkekani karibu na mlango, taa ikiwa hafifu na simu ikiwa mbali, kunatosha kuvunja lile zoea la kulala chali ukihesabu saa zilizobaki hadi alfajiri. Mchana nako, kitanda kikitandikwa vizuri na kuketiwa juu ya shuka nyingine, kinapata sura tofauti na ya usiku. Ni mambo madogo ya kuudhi. Yanahitaji kurudiwa kwa wiki kadhaa ndipo yalipe, na katika wiki ya kwanza mtu huchoka zaidi kuliko alipoanza.

Kupunguza muda wa kitandani ndiko nisikokushauri ukufanye peke yako. Kukosa usingizi kupita kiasi kunakisogeza kifafa karibu, na mtu aliye katikati ya kupunguza diazepamu tayari yuko karibu nacho. Dereva wa matatu na mwendesha bodaboda wasikujaribu bila mtu wa afya anayewafuatilia. Mlinzi wa zamu ya usiku anahitaji ratiba yake tofauti kabisa, kwani asubuhi ya wengine ndiyo jioni yake.

Nairobi ina neema moja ambayo Québec haina. Jua letu huchomoza kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi hivi na saa kumi na mbili na dakika arobaini, mwaka mzima. Huko kwao, miezi ya baridi, watu wengi huamka gizani. Mwanga wa asubuhi machoni ndio unaoirekebisha saa ya mwili, na kwetu unapatikana nje ya mlango, kwa wakati ule ule, Januari hadi Desemba. Kama kuna msaada wa usingizi unaostahili kuitwa wa asili, ndio huu, na hakuna aliyewahi kuutengenezea tangazo. Aliyepoteza kazi kwa sababu ya uraibu, anayelala hadi saa nne kwa kuwa hana anakokwenda, ndiye anayeuhitaji zaidi.

Kelele ni jambo jingine. Kanuni za kitaifa za mwaka 2009 zinataka makazi yasizidi desibeli 35 usiku, kiwango ambacho mitaa mingi ya jiji hili haikikaribii. Kesha za kanisa, baa ya ghorofa ya chini, manamba wa saa kumi alfajiri. Pamba masikioni husaidia kiasi. Zaidi ya hapo ni kazi ya kaunti, na siwezi kumshauri mgonjwa akaishtaki baa.

Chai, kwa upande mwingine, iko mikononi mwake. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua kwa nusu, kwa hiyo kikombe kikubwa cha chai ya maziwa pamoja na ugali wa saa mbili usiku bado kinafanya kazi saa saba. Tembe za kupanga uzazi zinaweza kuurefusha muda huo karibu mara mbili. Tena sigara hulifanya ini liivunje kafeini upesi, na anayeacha sigara wakati ule ule anaoacha tembe, kama wengi walio katika safari hii wanavyofanya, hubaki na kafeini nyingi damuni kwa vikombe vile vile vya jana. Halafu mikutano ya watu wanaopata nafuu kutoka kwenye uraibu haikosi birika la chai! Nimeona mtu akinunua magnesiamu ya bei ghali ilhali tatizo lake lilikuwa kikombe cha tatu.

Kwa hiyo anayetaka kunywa kamomili saa tatu usiku anywe. Haina kafeini, ina joto, na utaratibu wa kuteremsha sufuria, kuzima televisheni na kuketi kimya una faida yake. Ainywe kama chai. Ikishaanza kuitwa dawa, siku isipofanya kazi atatafuta nyingine yenye nguvu zaidi, na njia hiyo anaijua mwisho wake.

Nitaambiwa kwamba wataalamu wa mafunzo ya usingizi Nairobi ni wa kutafuta kwa tochi, na wanaoyatoa kwa Kiswahili ni wachache zaidi. Ni kweli. Lakini jaribio lililofanyika Montréal na kuchapishwa mwaka 2014 linanipa sababu ya kutokata tamaa. Watafiti waliwatumia wazee waliokuwa wakitumia tembe hizi, wateja wa kemisti 30 za kawaida, kijitabu kilichoeleza hatari ya tembe na mchoro wa kuzipunguza polepole, wakawahimiza wazungumze kwanza na daktari au mfamasia wao. Baada ya miezi sita, asilimia 27 walikuwa wameacha kabisa, dhidi ya asilimia 5 ya wale ambao hawakupata kijitabu. Karatasi, na mtu wa kuuliza.

Kemisti za Nairobi ziko kila kona ya mtaa, karibu kuliko hospitali yoyote. Bodi ya Famasia na Sumu, ambayo ndiyo inayozipa leseni, inaweza kuagiza kwamba hakuna tembe ya jamii hii inayotoka dukani bila cheti na bila karatasi ya Kiswahili yenye mambo manne: usiache ghafla, arosto huja siku ngapi baada ya dawa yako na hudumu muda gani, amka wakati ule ule kila siku, na namba 1192 ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo haitozwi pesa. Mwenye duka atauliza faida yake iko wapi, na swali lake ni la haki, kwa sababu karatasi haimwingizii senti na chupa inamwingizia. Ndiyo maana agizo hilo lisiwe la hiari. Liingie kwenye masharti ya leseni, na mkaguzi akija aitafute karatasi hiyo kaunta kama anavyotafuta cheti cha mfamasia ukutani.